Ile Tuliyoiacha Tamarack

Ohio, 9 Juni

Dada Renata,

Ukipata barua hii ujue nimeanza. Simu yangu iko kwenye droo yako ya vijiko, na naomba uiache humo humo. Tukipigiana tutaishia kulia, au kugombana tena kuhusu jiwe la kaburi la Baba. Ramani ya Baba ninayo, na nakala yake nimekubandikia kwenye mlango wa friji. Nitafuata alama zake nyekundu kama alivyozichora, bustani ya michezo moja baada ya nyingine, Ohio mpaka Tennessee kisha kurudi nyumbani Pennsylvania. Kila mji wenye alama nitapita posta kuuliza dirishani kama kuna barua yangu. Niandikie huko.

Leo nimepanda rola kosta nne, treni za kupaa na kuporomoka kwenye reli, zote za chuma. Ile ya bluu inakugeuza kichwa chini mara nyingi mpaka unasahau juu ni wapi, lakini ukishuka hukumbuki chochote. Baba angesema ina makelele mengi na maneno machache. Ya kijani ni fupi na inanyanyua. Kwenye kilima cha mwisho makalio yaliachana na kiti, nikaelea, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kitu kimoja kilinishinda. Kijana wa jukwaani, yule anayepanga watu kwenye safu, aliniuliza kama wanavyouliza wote: "Mko wangapi?"

Nikainua vidole vitatu. Mkono ulijiinua wenyewe, Dada. Maisha yangu yote jibu limekuwa watatu.

Akachungulia nyuma yangu. "Wengine wako wapi?"

"Hawapo."

"Sasa mko wangapi, dada yangu?"

Nyuma mtu akasema, "Jamani, hesabu ya vidole imemshinda, na fulana ya chuo kikuu kavaa!" Foleni nzima ikacheka. Neno "mmoja" lilikataa kutoka. Nikasema wawili. Akanipa safu ya tatu, na kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, naye akakifungia chuma cha mapajani vizuri kabisa, akakitikisa kuona kimeshika.

Sasa nisikilize. Bustani ya Tamarack inafunga msimu Jumapili ya tarehe 26 Oktoba. Nataka siku hiyo tumpe Baba kwaheri yake. Unakumbuka alivyokuwa: kila bustani lazima tuache rola moja bila kuipanda, tuwe na sababu ya kurudi. "Bustani uliyoimaliza haikuiti tena." Na Tamarack, nusu saa tu kutoka mlangoni kwetu, alituachisha Malkia, ile kongwe ya mbao. Tulilia, tulinuna, na jibu likawa siku nyingine. Basi siku nyingine ndiyo hiyo. Wewe na mimi, kiti cha mbele.

Baada ya hapo sijui kuna nini. Nakwambia ukweli kwa sababu huwa unanijua hata nisiposema: nikiangalia mbele naona mpaka Oktoba 26, halafu reli imekatika. Lakini mpaka hapo naona. Kwa hiyo niahidi.

Mdogo wako,
Milka


Erie, 15 Juni

Milka, mdogo wangu mkaidi,

Simu yako imelia mara mbili kati ya uma na visu mpaka betri ikaisha. Alikuwa profesa wako. Nilimwambia umeenda kufanya utafiti.

Unakula nini? Usinijibu viazi vya kukaanga na siki. Hicho si chakula, ni kitoweo cha foleni. Tafuta mahali wanapopika kabichi, ule ukiwa umekaa, kwenye sahani.

Kuhusu Oktoba, nimeteguka kifundo cha mguu kwenye ngazi za shule, nachechemea mbele ya wanafunzi kama bata, nao wanafurahi sana. Tutaona. Oktoba ni mbali.

Ila nina ombi. Rola za mbao ziache. Ni za zamani, zinagonga mno, na wewe una mgongo wa mtu wa vitabu. Kaa kwenye za chuma, zile laini, na usirudie rudie. Kama kuna treni ya watoto inayozunguka bwawa la bata, panda hiyo, halafu uniandikie ripoti yake na dharau zako zote. Na ukisikia maumivu yoyote mwilini, yoyote Milka, niandikie siku hiyo hiyo. Usicheke.

Renata


Indiana, 2 Julai

Dada,

Nimecheka. Treni ya watoto! Wewe ndiye uliyepanda ile ya mbao ya Ohio mara saba mfululizo ukiwa na homa, Baba akikushikia sweta. Kifundo cha mguu kimekufanya bibi kizee.

Samahani, sikukutii. Huku Indiana wana rola ya mbao iliyojengwa ndani ya msitu, na nimeipanda tangu wanafungua geti mpaka mvua ilipotufukuza. Asubuhi grisi ya magurudumu bado baridi, treni inajikokota kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Mchana ikishapata joto ni kitu kingine kabisa. Matawi yanapita karibu na masikio. Ya kijani ya Ohio inakunyanyua kwa adabu, hii inakutupa. Kiti cha mbele unaona kila kitu kinakuja, unakaa pale juu ukingoni kabla ya kushuka, una muda wa kuwaza. Kiti cha nyuma hakikupi muda, wa mbele wameshaanguka na wewe unaburutwa kuwafuata. Nimeamua mimi ni mtu wa nyuma.

Kwenye foleni nilikuwa na mzee Verlon na mkewe Opaline, wamevaa fulana zinazofanana.

"Mbele ni kwa wageni," mzee akaniambia. "Nyuma ndiko kwenye ndoa."

"Asikudanganye, mwanangu," mkewe akasema. "Anakaa nyuma ili nisione anavyofumba macho."

"Nafumba kwa ajili ya vumbi."

"Vumbi gani, na mvua imenyesha jana?"

Wakanigawia biskuti. Bibi akaniuliza nimekuja na nani. Nikamwambia nimekuja na dada yangu, ameenda kununua maji ya limau. Tukasogea, tukasogea, yule bibi akawa anageuka kukutafuta. "Dada yako atapoteza nafasi, masikini." Tulipofika jukwaani akanitazama mara moja tu, halafu hakuuliza tena. Akanishika mkono mpaka nikapanda.

Ni dakika mbili, Dada. Katika siku nzima ni hizo dakika mbili ambazo sijisikii kama mzigo ninaoubeba mimi mwenyewe. Treni ikirudi jukwaani, chuma kikifunguka, kila kitu kinanirudia kwa pamoja, na miguu inanipeleka kwenye foleni tena kabla sijakubali. Chuo sirudi. Sijui nitafanya nini. Usianze kunihubiria, niandikie tu kwamba tarehe 26 utakuwepo.

Milka


Erie, 9 Julai

Milka,

Rudi nyumbani. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama na sikuweza kukaa.

Tamarack sitakuja. Si kwa sababu ya mguu. Sitaki tu. Nimechoka na rola, nimechoka na ramani hii kwenye friji, kila nikitaka maziwa lazima nimkute Baba na kalamu yake nyekundu. Amekufa, Milka. Hakuna reli inayozunguka ikamrudisha. Wewe una miaka ishirini na nne na unaishi ndani ya gari ukihesabu vilima.

Kitanda chako nimekitandika. Rudi, tukae, nina mambo ya kukwambia, lakini si kwa kalamu. Acha kupanda, rudi. Ukinipenda utafanya hivyo bila kuniuliza kwa nini.

Renata


Kentucky, 20 Julai

Renata,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Kwa hiyo umechoka. Ulipokuwa na miaka kumi na tatu na Mama amefariki, nani aliyetutoa kitandani? Ni Baba na tiketi zake. Kila Jumamosi kiangazi kizima, watu wakamsema kwamba mke hajapoa kaburini na yeye anapeleka watoto kwenye michezo, naye akazidi kununua tiketi. Wewe ndiye uliyenieleza hayo. Sasa umekuwa mmoja wao.

Wewe hukuwepo siku ile ya mwisho ya Baba, Oktoba iliyopita. Mimi nilikuwepo. Aliposhuka kwenye rola ya mbao alikuwa anajishika hapa, katikati ya mabega, anacheka. "Imenipiga vizuri hii!" Nikamcheka. Kwenye gari akaendelea kulalamika mgongo, nami nikamtania kwamba amezeeka. Kila mtu anayepanda za mbao anashuka na maumivu, tunayalinganisha kama wavuvi wanavyolinganisha samaki. Nani angejua ni moyo? Daktari aliyekupigia simu alisema ni moyo tu, sivyo? Tungefanya nini?

Na leo nimepata yangu. Ya mbao ya hapa Kentucky ina bonde moja chini kabisa, treni inaligonga kama shoka. Nilishuka na maumivu katikati ya mabega, pale pale pake, makali mpaka nikashindwa kuinua begi. Nikakaa kwenye benchi nikatabasamu. Imenipiga vizuri, nikasema kwa sauti. Tangu Oktoba sijawahi kumsikia karibu hivyo. Kisha nikarudi kwenye foleni.

Mji unaofuata kwenye ramani nauruka, pamoja na posta yake. Naenda moja kwa moja Tennessee. Usiniandikie. Sitapita dirishani kwa mtu yeyote. Oktoba nitaipanda Malkia peke yangu, na nikiulizwa tuko wangapi nitajua la kusema. Leo natia sahihi jina langu zima, Milka ni la wanaonipenda.

Ludmila


Erie, 24 Julai

Milka, USIPANDE TENA. Acha sasa hivi, popote ulipo. Nenda hospitali, chumba cha dharura, waambie baba yako alikufa kwa kupasuka mshipa mkuu wa damu, ule mkubwa unaotoka moyoni, na waambie una maumivu katikati ya mabega. Sema hivyo hivyo. Nenda kwanza, utasoma yaliyobaki baadaye.

Barua hii nimeiandika nakala nyingi, nimezituma kila posta yenye alama nyekundu.

Haukuwa moyo. Daktari alinieleza baada ya mazishi: mishipa ya Baba ilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, na mtoto anaweza kurithi au asirithi, nusu kwa nusu. Alisema tupimwe wote wawili. Februari nilipimwa mimi. Ninao udhaifu huo. Mshipa wangu umetanuka kama mpira wa baiskeli uliochoka, na kifundo cha mguu sikuwahi kuteguka. Nilikatazwa kubeba vizito, kukimbia, na rola kosta ndiyo usiseme.

Wewe sikukwambia. Nilitaka kukwambia Machi, ukawa huli. Nikataka Mei, ukaja na ramani, mara ya kwanza tangu msiba nakuona unaoga na kuchana nywele. Halafu ukaniandikia kwamba baada ya Oktoba huoni kitu. Nikawaza, nikimnyang'anya hata hiyo Oktoba atashika nini? Nikajidanganya kwamba utakuwa kwenye ile nusu nzuri. Nikakuandikia kuhusu treni ya watoto.

Nimepiga simu bustani ya Tennessee. Nikawaambia mdogo wangu yuko humo, hatakiwi kupanda kitu. Yule mama wa mapokezi akaniambia, "Mama, humu tuna maelfu ya watu, na kila mmoja ana dada yake." Nilipolia akakubali kukutangaza kwenye vipaza sauti. Sijui kama ulikuwepo. Polisi wanasema mtu mzima kusafiri si kupotea.

Nitaendesha gari mwenyewe nikutafute, daktari apende asipende. Milka, mdogo wangu, shuka.

Renata


Tennessee, 13 Agosti

Renata,

Nilipita posta kwa ajili ya kununua stempu tu. Karani akaniuliza jina, akanipa bahasha mbili zenye maneno yale yale, moja imeandikiwa hapa, nyingine imeelekezwa huku kutoka Kentucky. Wiki mbili na zaidi zilikuwa zinaningoja, nami nimekuwa napanda kila siku.

Jina langu nililisikia. Walitangaza, "Ludmila Hrabovsky, fika ofisi ya wageni." Nilikuwa nimebakiza watu wachache kufika jukwaani, safu ya nyuma kabisa, treni ya jioni ikiwa na joto lake. Nikajiambia ni Ludmila mwingine. Nikajiambia mtu anatafuta mtu. Sikutaka kupoteza nafasi.

Najua wamekuzuia kuja, barua fupi ya jirani yako nayo nimeikuta: ulianguka ngazi za nyumba yako na begi mkononi, wakakulaza. Kwa hiyo mimi pia karibu nikuue. Tusijidai mmoja wetu ana mikono misafi.

Lakini lazima niseme hili mara moja, halafu sitalisema tena. Ulisoma barua yangu ya Juni ukijua. Ukasoma ya Julai ukijua. Nilikuwa napanda yale magari asubuhi hadi jioni na wewe ulikuwa unajua, ukaniandikia kuhusu kabichi. Ulidhani unanilinda. Ulikuwa unanitazama nikivuka barabara nimefunga macho, ukaogopa kupiga kelele nisije nikashtuka.

Nimepimwa. Hospitali ya hapa walinilaza kwenye lile bomba la kupigia picha linalozunguka, nikatamani lizunguke kwa kasi zaidi. Daktari alikuja anatabasamu, akanipa mkono kama mtu aliyeshinda kitu. Mishipa yangu ni mizima. Yale maumivu yalikuwa ya ubao tu, bonde la Kentucky na mgongo wa mtu wa vitabu, kama ulivyosema. Akaniambia naweza kupanda chochote, maisha yangu yote.

Nilikaa kwenye gari maegeshoni nikatapika. Mimi nisiyejua nifanye nini na maisha, nimepewa yote. Wewe mwenye watoto thelathini wanaokusubiri kila asubuhi na madaftari ya kemia, umepewa ile nusu nyingine. Najisikia kama nilisukuma sahani yangu upande wako wakati wa chakula.

Nimeikunja ramani. Narudi nyumbani. Usibebe kitu chochote, hata kikombe.

Milka


Erie, 18 Agosti

Mdogo wangu,

Mzima! Nimeisoma sentensi hiyo kwa wauguzi wote wa zamu hii. Umesema kweli kuhusu barabara na macho, sina la kujitetea, na sitakuomba unisamehe haraka.

Wamenipima tena. Mshipa umetanuka zaidi tangu Februari, hawawezi kungoja sana, wala hawawezi kunikata sasa nikiwa na jeraha hili la kuanguka. Wamepanga tarehe 29 Oktoba. Siku tatu baada ya Tamarack kufungwa. Daktari wangu haongei maneno matamu, nampenda kwa hilo. Alisema wengi huamka. Nikamwuliza kama kwa mshipa wangu wengi huamka, akatazama dirishani.

Basi nitakuja Tamarack, nimebadili mawazo, hivyo ndivyo dada wakubwa walivyo. Nitasimama kwenye uzio nikiwa nimevaa koti langu jekundu, na wewe utaipanda Malkia kwa ajili yetu sote. Kiti cha mbele, hata kama wewe ni mtu wa nyuma. Halafu uje uniambie kila kitu. Nataka kujua pale juu unaona nini, kama ziwa linaonekana, na kama ule mzunguko wa nyuma ya miti ni mbaya kama tulivyokuwa tunasema. Miaka yote tuliisikia tu ikilia tukipita na viazi vyetu. Nisije nikaenda bila kujua.

Njoo taratibu barabarani.

Renata


Tamarack tumetoka, hospitali tumeingia, 28 Oktoba

Dada,

Juu ya bahasha nimeandika "Fungua ukiamka", na nimeiweka ndani ya begi lako, chini ya soksi zako za sufu. Miezi miwili tumeishi nyumba moja, tumeongea kila kitu, na bado nakuandikia, kwa sababu hili siwezi kulisema ukinitazama.

Juzi ulisimama kwenye uzio na koti lako jekundu, katikati ya yale maboga na mifupa ya plastiki, mapambo ya sikukuu ya mizimu. Mimi nikapanda ngazi za Malkia, kofia ya Baba mkononi. Foleni ilikuwa fupi, baridi imewafukuza watu. Mbao zinanuka grisi na mvua. Nilifika jukwaani, yule mhudumu aliyejipaka rangi ya maiti usoni akaniuliza, "Mko wangapi?"

"Wawili," nikasema.

"Mwenzako ameogopa?"

"Ameogopa."

"Basi kaa mbele, mwambie amekosa."

Treni ikaja, chuma kikafunguka, nikaingia. Na sikukaa. Nikapitiliza hadi upande wa pili, nikatokea mlango wa kutokea, mahali wanapopita watoto wanaolia dakika ya mwisho. Nyuma yangu walipiga miluzi. "Huyo! Mwoga huyo!" Vijana wawili wakarukia kiti changu kabla hakijapoa.

Nilishuka ngazi nikajificha nyuma ya kibanda cha viazi, chini ya zile nguzo. Nikakuona. Treni ilipokuwa inapanda na mnyororo wake unagonga gonga, uliinua mkono. Ukapunga. Uliendelea kupunga mpaka ilipoanguka upande wa pili, na mdomo wako ulikuwa wazi kama wa mtoto. Unapungia mkono treni ambayo simo. Hata kule Kentucky sikuumia vile.

Nikavuruga nywele kwa mikono, nikaja. Yote niliyokwambia kuhusu ziwa, kwamba kule juu ni la kijivu na halina mwisho, na ule mzunguko wa nyuma ya miti kwamba unakutupa ubavuni mpaka unambusu jirani, nimeyatunga. Uliniomba nirudie, nikarudia. Ulicheka mahali nilipotaka ucheke.

Sikuipanda kwa sababu nilipomwona mhudumu anashika kile chuma nilimsikia Baba. Bustani uliyoimaliza haikuiti tena. Ningeipanda, Dada, tungekuwa tumemaliza. Isingebaki hata moja. Sasa iko pale, wamezima taa, wamefunika treni kwa turubai, na bado hatujaipanda. Madaktari wana visu vyao na mimi nina hiyo tu. Lazima uamke, tuna kiporo Tamarack. Utasimama kwenye uzio mwakani na safari hiyo nitakuwemo kweli, naapa.

Ukiamka unitukane kwa kukudanganya. Nitakaa nisikilize yote.

Milka


Erie, 3 Novemba

Kwa Ludmila Hrabovsky,

Nakurudishia vitu vya marehemu dada yako: koti jekundu, miwani, soksi, na begi lenyewe. Bahasha uliyoandika "Fungua ukiamka" iko ndani kama ulivyoiacha. Haijafunguliwa.

Nyingine ni yake kwako. Aliniachia jioni kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, akasema, "Nisipotoka, mpe mdogo wangu. Nikitoka, nirudishie niichane." Nilikuona umeegemea ukuta kwenye korido siku ile nikakosa nguvu ya kukufuata. Nisamehe kuchelewa, mama.

Odessa Pruitt, muuguzi


Erie, 28 Oktoba

Milka, mdogo wangu,

Sasa hivi umeenda kuninunulia supu. Unatembea kwa vidole vya miguu humu ndani kama mwizi. Kuna kitu umekificha chini ya soksi zangu, nimekiona, na nimeheshimu maandishi yako.

Nami niliandike langu. Juzi Tamarack nilikuona ukishuka ngazi za kutokea. Ulikuwa umejikunyata, umeshika kofia ya Baba kifuani. Treni ilikuwa bado haijaondoka. Kiti cha mbele walikaa vijana wawili, mmoja ana masikio makubwa, nilimwona vizuri kabisa.

Nikajua uko mahali fulani unanitazama. Basi nikainua mkono nikapunga, na nikaendelea kupunga, ili uone kwamba nimefurahi. Wale vijana wakanipungia nao, masikini, wakadhani mama yule mwenye koti jekundu anawajua.

Halafu ukaja na nywele zako. Ulizivuruga upande mmoja tu, Milka. Upepo hauvurugi upande mmoja. Lakini ziwa ulilisimulia vizuri mno. Nilikuomba urudie kwa sababu nililiona.

Najua kwa nini hukupanda. Ulitaka tuwe na sababu ya kurudi. Ulivyo wewe, ungeacha nyumba nzima bila kufagia kama ungedhani uchafu utanizuia kufa.

Kama unasoma hii, haukunizuia. Usikae chini ya zile nguzo kila Oktoba ukiilinda Malkia kwa ajili yangu. Sirudi, na Baba harudi, na ulisema kweli mwanzoni kabisa, baada ya hapa hata mimi sioni kitu. Sina neno zuri la kukuachia. Nimelitafuta tangu asubuhi.

Nina hili tu. Bustani zikifunguliwa nenda kaipande. Kijana atakuuliza mko wangapi. Usiinue vidole. Usimfungie mtu hewa chuma cha mapajani. Sema mmoja. Sema kwa sauti, ili asikuulize mara ya pili.

Nasikia viatu vyako. Supu imefika.

Renata